Motopompe Ndani ya Shimo

Kila siku baada ya masomo Kanyere alikuwa na kazi moja ambayo hakuhitaji kusukumwa aifanye: kumpelekea kaka yake Stéphane chakula machimboni. Kuosha vyombo, hapo aliitwa mpaka sauti ya mama ikauke. Lakini njia ya kwenda kwenye mashimo ya dhahabu ya Omate aliipenda, kwa sababu Stéphane hakula bila kumtania, wala hakumaliza samaki bila kumwachia mdogo wake kipande.

Jambo moja lilimkera. Karibu na shimo palikuwa na kamba iliyofungwa kwenye miti, na mwanamke hakuruhusiwa kuivuka. Wachimbaji waliamini kwamba mwanamke akisogea pale, dhahabu hukimbia. Basi Kanyere alisimama nje ya kamba, sufuria kichwani, akiita mpaka kaka yake apande.

"Hiyo dhahabu yenu iko na miguu ngapi?" aliwahi kuuliza. Stéphane alicheka mpaka bugali ukampalia.

Mama yao, Mama Adelaïde, alikuja na watoto wake kutoka Butembo kufungua duka. Aliuza sabuni, misumari na mafuta, na alikodisha motopompe, ile mashine ya petroli ya kuvuta maji mashimoni. Kila aliyekuja kuichukua alisikia maneno yaleyale: "Mashine inabakia juu. Mupira wa maji njo unashuka. Moshi yake inaua." Kanyere aliyakariri hata akawa anamwigiza mama yake, mkono kiunoni, nyuma ya mgongo wake, na wateja wakaangua kicheko.

Juma moja mvua ilinyesha bila huruma. Shimo la Papa Nzabandora, aliyewasimamia kina Stéphane kazini, lilijaa maji. Asubuhi moja alifika dukani kuchukua motopompe, akaambiwa maneno ya siku zote, akaitika, "Ndiyo, Mama," huku macho yake yakiwa tayari barabarani.

Mchana Kanyere alipofika kwenye kamba, aliisikia mashine lakini hakuiona. Ngurumo yake ilitoka chini ya miguu yake, na moshi wa kijivu ulikuwa ukipanda kutoka kwenye mdomo wa shimo.

"Papa Nzabandora, mashine iko wapi?"

"Iko ndani. Shimo imekuwa murefu, maji ilikataa kupanda. Tumeishusha na kamba, kidogo tu."

"Na kaka yangu?"

"Iko chini, anachimba ku kando. Weka chakula, uende."

"Mama alisema mashine ibakie juu! Moshi yake inaua!"

"Wewe mutoto mwanamuke, usinifundishe kazi," Nzabandora alisema, lakini hata yeye aligeuka kulitazama shimo. Aliita, "Stéphane!" Akaita tena. Mashine peke yake ndiyo iliyojibu.

Kanyere aliangusha sufuria, sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikamwagika. Alijirusha kuvuka kamba, wanaume wakamkamata. Akapiga kelele kwa nguvu zake zote, "Kaka yangu anakufa! Mutu amutoe! Mushuke, mumutoe!"

Mbonigaba alisikia kilio kile. Alikuwa kijana mpole wa vilima vya Masisi, mkulima aliyekuja Omate kutafuta riziki, na hakuwahi kumpita mtoto bila kumsalimu. "Nyamaza, dada, namuleta," alisema, akashuka ngazi haraka haraka. Walimwona akifika chini. Walimwona akishika kichwa, miguu ikamlegea, akaanguka kando ya mashine. Hakuinuka.

Kanyere alikimbia nyumbani kumwita mama. Alikimbia akijua kwamba miguu yake haitoshi, kwamba sauti yake haitoshi, kwamba hana chochote mkononi cha kumsaidia Stéphane. Hakuna uchungu uliowahi kumbana kama ule.

Mama Adelaïde aliacha duka wazi, wakarudi mbio. Alipofika kwenye kamba iliyozuia wanawake hakupunguza hata mwendo.

"Mama, hapo haupite!" mtu alisema.

"Dhahabu ikimbie! Miye namutaka mutoto yangu."

Kijana mwingine alikuwa tayari ameweka mguu kwenye ngazi. Mama Adelaïde alimshika shati akamvuta nyuma. "Hakuna mutu anashuka! Hata mumoja! Muvute mashine kwanza."

"Mama, kaka iko anakufa!" Kanyere alilia. "Acha ashuke!"

"Nimesema hapana."

Wakati ule Kanyere alimchukia mama yake. Alimwona akikamata ile kamba iliyoshusha mashine, akivuta pamoja na wanaume, jasho na machozi yakimtiririka, na hakuelewa jinsi mama anavyoweza kumwacha mtoto wake chini huku akihangaikia chuma. Motopompe ilitoka ikiwa bado inanguruma. Mama akaizima. Wengine walikimbilia shimo la jirani kuazima mashine ya kupulizia hewa, wakaiacha juu, wakashusha bomba lake refu. Kisha wakangoja hewa safi iingie. Kanyere alikaa kwenye matope akiuma kitambaa chake, maana hakuwa na jingine la kufanya.

Hatimaye Nzabandora mwenyewe alifungwa kamba kifuani, akashushwa. Stéphane alitolewa akiwa hoi, lakini akipumua; alikuwa ndani ya tundu la pembeni, ambako moshi haukujaa sana. Mbonigaba alikutwa uso ukiwa ndani ya maji. Alikuwa amekufa.

Matangani, kabla maiti haijasafirishwa kwenda Masisi, Nzabandora alisimama mbele ya watu wote. "Huyu Mama alinikataza. Miye nilimuitika na mudomo tu. Njo miye nilishusha mashine." Hakutafuta mtu wa kumsingizia. Tangu siku ile alitumia pampu ya umeme: pampu chini majini, jenereta juu, mbali na mdomo wa shimo.

"Hata wale wanaotoa mafuta chini ya bahari, wako wanafanya vile," Mama Adelaïde aliwaeleza wachimbaji. "Pampu inaweza kukaa kule chini kabisa, na umeme inaifuata kwa waya. Lakini moto na moshi hawaviweke penye mutu anapumua."

Siku ile ya matanga Kanyere hakuweza kula. Jioni alimfuata mama jikoni. "Mama, ni miye nilimuua Mbonigaba. Nililia, akashuka."

Mama alimketisha karibu naye. "Hapana. Aliyeshusha mashine amejisema mwenyewe. Wewe ulilia kwa ajili ya kaka yako, hiyo haiko kosa. Lakini sikia: mutu akianguka mu shimo, usiite watu washuke. Ita watoe mashine, ita walete hewa. Sumu ya ile moshi haina harufu, haijue nani iko na roho nzuri. Ningeacha yule kijana ashuke, leo tungelilia watu wawili."

"Na wewe, hukutaka kushuka?"

Mama alifungua viganja vyake. Vilikuwa vimechunika, vyekundu. "Nilitaka sana. Nilishika ile kamba na nguvu yangu yote, ili miguu yangu isinipeleke mu shimo."

Kanyere aliishika mikono ile, akaiweka usoni, akalia.