Nusu ya Gumba

"Mama, natafuta Papa Grégoire. Mwezi uliopita alijibu maswali yetu. Kuna neno lake moja sikulielewa," Générose alisema, fomu mkononi.

Mama Yvette aliacha kuchambua samaki wake wadogo, ndagala.

"Neno gani?"

"Swali la mwisho. Alisema: 'Uliza wenye wangali wazima.'"

"Mutoto wangu, bwana yangu tulimuzika. Huu njo mwaka wa pili."

Générose alitazama tena fomu. Tarehe ilikuwa ya mwezi uliopita. Chini yake, alama ya kidole gumba kwa wino wa buluu.

Alikuwa mtafiti wa sheria ya kazi. Jumatatu angetetea utafiti wake mbele ya maprofesa: wafanyakazi arobaini na mmoja wa kiwanda cha mbao, waliokatwa na mashine. Jumamosi ingefuata ndoa. Fomu zote alikuwa amezileta mchumba wake, Landry, injinia aliyezijua mashine zile.

Kutoka kwa Mama Yvette, mtaa wa Katanika, alikwenda moja kwa moja labo ya biolojia ya chuo, akaomba lensi. Fomu ya kwanza: kovu lililopinda katikati ya gumba. Ya pili: kovu lilelile. Ya kumi, ya thelathini. Kovu hilo alilijua. Mwaka jana, likiwa bado jeraha, alilifunga bandeji mwenyewe, huku akilipuliza na kucheka.

Akaandika ujumbe: "Kuja labo. Sasa."

"Chérie, umenikumbuka hivyo?"

Landry aliingia akitabasamu.

"Leta gumba," Générose alisema.

"Siku hizi pete inapimwa kwa gumba?"

"Leta."

Landry aliona lensi. Akakaa.

"Watu walikatala kusema, Géné. Wewe ulikuwa unalia kila siku. Nilitaka tu umalize."

"Kwa hiyo ukawa watu arobaini na mmoja."

"Arobaini."

"Usinidanganye tena."

"Nilifanya arobaini! Nilihesabu."

Fomu moja ilikuwa bado haijapita chini ya lensi: ya Papa Grégoire. Générose aliiweka. Hapakuwa na kovu. Mistari ya kidole ilikwenda mpaka katikati, ikakoma ghafla. Juu yake, karatasi nyeupe.

"Hii?"

Landry alisukuma kiti nyuma.

"Siijue. Hata mwandiko si wangu."

Générose alipiga simu.

"Mama Yvette, unisamehe. Mashine ilimukata wapi?"

"Gumba ya kuume. Nusu. Ile nusu tulizika nyuma ya nyumba. Alikuwa anasema, imemutangulia. Juu ya nini unauliza?"

Générose alikata simu. Alivua pete, akaiweka juu ya fomu arobaini.

"Chukua vyote. Vimetoka mkono mmoja."

"Géné, miye ni muzima. Niko hapa. Utaniacha sababu ya maiti?"

"Nakuacha sababu ya arobaini hizi."

Mlango ulipofungwa nyuma ya Landry, alimwandikia profesa: "Naomba kuahirisha. Fomu arobaini ni za uongo. Naanza upya, kwa walio hai."

Kisha akaikunja fomu iliyobaki, ya Papa Grégoire. Gumba lake likagusa alama.

Likatoka buluu. Wino ulikuwa mbichi.