Kidonge cha Jumapili

Duka la dawa lilikuwa limefurika. Watoto wanalia, watu wanasukumana dirishani, na katikati ya vurugu hizo mzee mmoja wa suti ya kijivu amebebwa mgongoni na mwanawe, miguu inaning'inia.

"Usicheke," akamwambia mama aliyekuwa mbele yake.

"Sijacheka."

"Macho yamecheka."

Basi yule mama, fundi cherehani aliyevaa gauni la maua alilojishonea mwenyewe, akacheka kweli mpaka akashika magoti yake mabovu. Kumbe wameandikiwa dawa ileile: vitamini D, kidonge kimoja kila Jumapili. Fundi alikuwa halioni jua kwa kushinda ndani kwenye cherehani. Mzee naye, tangu avunjike nyonga, alikuwa amefungiwa ghorofa ya nne, na jengo halina lifti. Wote wawili mifupa inauma na moyo umepooza. Daktari alisema huenda vidonge vikawasaidia, ila wavumilie miezi.

Wakapeana namba. Mzee alikuwa ameendesha winchi ya kuinulia mizigo ujana wake wote, na kwenye simu fundi akamwandika hivyo hivyo: Winchi.

Kila Jumapili asubuhi simu ililia.

"Fundi wangu, maji unayo?"

"Ninayo, mpenzi."

"Haya, tumeze pamoja. Umemeza?"

"Nimemeza. Na wewe?"

"Nimemeza, lakini njaa ya kukuona iko palepale."

"Shika adabu, mzee mzima!"

Fundi akikata simu, kicheko kilikwisha na nyumba ikamwelemea. Alimtamani mno. Alitaka kumwona akila, amfunge vifungo vya shati, wanuniane hata kidogo. Siku moja alijikongoja hadi kwenye jengo la Winchi. Kabla hajafika ghorofa ya kwanza magoti yakagoma, akarudi analia, wala hakumwambia.

"Miezi yote hiyo ya nini?" akajisemea. "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Akaanza kumeza kidonge cha Jumapili kila siku ya Mungu. Kama kimoja kinasaidia, je, saba? Kopo lilipoisha akanunua jingine, duka jingine.

Ole wake! Magoti yalibaki vilevile. Alichopata ni kichefuchefu, kiu isiyokatika na choo kilichogoma. Binti yake akamkimbiza hospitali. Vidonge vimezidisha kalsiamu kwenye damu, madaktari wakasema, wakamkataza kuvimeza. Alipopata nafuu akarudishwa nyumbani, amekonda, hana nguvu.

"Mama, haraka yote hii ulikuwa unakwenda wapi?" binti akauliza.

Fundi akageukia ukutani. "Ghorofa ya nne."

Jumapili Winchi akapiga. Fundi aliitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza. Amwambie nini? Kwamba hana dawa wala miguu?

"Pokea, mama."

"Mwache atafute mwenye magoti."

Baadaye ukaja ujumbe wa sauti: "Fundi, kama umenichoka, sema. Nisikae dirishani kumngoja mtu asiyekuja." Aliusikiliza, akaurudia tena na tena, mto ukalowa. Binti hakuvumilia. Alichukua ile simu, akatoka nayo nje.

Siku ya pili yake mlango ukagongwa.

"Shikamoo, baba. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi mgonjwa?"

Fundi akakurupuka kitandani. Winchi alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake, suti ileile ya kijivu, jasho linamtiririka, suruali imechanika makalioni.

"Umeshukaje wewe?"

"Kwa makalio. Ngazi moja moja, jengo zima linanishangilia."

"Mwanao si angekubeba!"

"Mposaji habebwi mgongoni, Fundi."

Fundi akamsogelea. Akaupapasa uso wa sauti ile aliyokuwa akiisikia kwenye simu tu, machozi yanamdondoka bila kujizuia.

"Na kurudi juu utapandaje?"

"Nani kakwambia narudi? Nyumba yako iko chini, haina ngazi. Kama hunitaki, niambie sasa hivi, nikakae na bawabu wa jengo letu."

Fundi akajifuta macho kwa upindo wa shuka. Akamwita binti amletee uzi wa kijivu na sindano.

"Ivue hiyo suruali niishone," akasema. "Mume wangu hawezi kukaa hivyo mbele ya binti yetu."