Bastola Kwenye Droo ya Simu

Kila asubuhi Asumpta alifuta vioo vya jengo moja refu pale Olaya, Riyadh. Alianza na mlango mkubwa, akamalizia na meza ya mlinzi. Mlinzi huyo aliitwa Derrick. Alikuwa Mkenya mwenzake, na kabla ya kuja Saudia alikuwa polisi kwa miaka kumi na miwili. Asumpta alimwita afande, na Derrick hakukataa. Nani hapendi cheo?

Mume wa Asumpta, Wesley, alikuwa mbali, Jeddah. Alikuwa dereva wa familia moja mtaani Al-Safa. Kwao Kitale, wawili hao walikuwa na baa ndogo yenye nyama choma. Aliyeiendesha ni Magdaline, mdogo wake Asumpta. Magdaline huyo huyo ndiye aliyekuwa akimlea mtoto wao, Ashley.

Jumamosi moja mchana, Magdaline alituma picha. Ilikuwa picha ya droo ya kaunta. Ndani mlikuwa na simu za wateja zikichajiwa, kila moja na kikaratasi chake cha nambari. Katikati ya simu hizo, juu ya kikaratasi cha nambari nne, ilikuwapo bastola.

Asumpta aliitazama picha mpaka macho yakamuuma. Akapiga simu.

"Magdaline, hiyo ni nini?"

"Ni ya Mzee Jeremy, yule wa mahindi. Usijali dada, ana cheti cha serikali. Shemeji ndiye aliniambia nipokee silaha za wateja, nitoe nambari."

Shemeji ni Wesley. Asumpta akampigia.

"Mama Ashley, mbona unapaniki?" Wesley alisema. "Mimi humpeleka madam harusini kila wiki. Wanawake wanaacha simu mlangoni wasipige picha, wanapewa nambari. Wakitoka wanarudishiwa. Halas, yamekwisha! Hakuna fujo."

"Baba Ashley, hiyo si simu. Ni bastola!"

"Na ina cheti. Sasa shida iko wapi?"

Asumpta alikata simu, akarudi kwenye vioo akiwaza. Cheti kipo. Bastola haiko mezani pamoja na bia. Maneno ya mumewe yalisikika ya maana kabisa. Mbona basi roho yake haikutulia? Alifuta kioo kimoja mara tatu bila kujua.

"Hicho kioo kimekukosea nini?" Derrick aliuliza.

Asumpta akamwonyesha picha, akamweleza yote. Derrick aliacha kutabasamu.

"Cheti ni cha nani?"

"Cha Jeremy."

"Na dada yako anacho?"

"Hana."

"Basi sasa hivi dada yako anaweka bunduki bila cheti. Cheti cha bunduki ni cha mtu mmoja tu. Hakiazimwi, hata kwa saa moja. Polisi wakiingia, atashikwa yeye."

Asumpta alishika simu yake. "Nimwambie amrudishie?"

"Jeremy amekunywa?"

Asumpta alimwuliza Magdaline kwa simu, akarudisha jibu. "Chupa tatu. Anaitisha ya nne."

"Basi asimpe. Mlevi haruhusiwi kubeba bunduki, hata cheti chake kiwe cha dhahabu."

"Ngoja, afande. Kukaa nayo ni kosa. Kuirudisha ni kosa. Sasa afanye nini, aile?"

"Asiiguse. Afunge droo kwa ufunguo. Apigie kituo cha polisi, aseme ukweli wote. Na afanye hivyo sasa."

"Watamfunga! Ashley atabaki na nani?"

"Siwezi kukuahidi hawatamhoji," Derrick alisema polepole. "Lakini mtu aliyepiga simu mwenyewe si sawa na mtu aliyekutwa nayo. Na Jeremy akitoka nayo amelewa, akampiga mtu risasi, utasemaje?"

Asumpta aliogopa kweli kweli. Hata hivyo alimwambia Magdaline kila neno. Magdaline alilia, akafunga droo, akapigia kituo, kisha akampigia tena dada yake. Nyuma yake Jeremy alisikika akigonga kaunta: "Nipe nambari nne yangu!"

"Samahani mzee," Magdaline alijibu. "Droo imefungwa. Nimeita polisi waje waichukue."

Simu ikakatika. Asumpta alifuta lifti, ngazi, na lifti tena. Msimamizi wake alimwita, "Yalla, yalla, haraka!" wala hakusikia. Saa moja na nusu ilipita.

Hatimaye simu ililia. Ni Magdaline.

"Dada, niko nyumbani. Wameichukua. Wamenikemea mpaka nikatamani ardhi inimeze. Lakini mkubwa wao amesema nilifanya vyema kupiga simu. Jeremy ameitwa kituoni kesho, akiwa na akili zake."

Asumpta aliketi kwenye ngazi akalia kwa furaha. Kisha akampigia Wesley. Akamsimulia yote.

"Nilidhani ni busara," Wesley alisema. "Ningemfungisha shemeji yangu. Nisamehe."

Wiki iliyofuata walibadilisha mambo. Derrick aliwaeleza kwamba mwenye baa anaweza kumkataza mtu mwenye silaha asiingie. Pia alisema mwenye bastola anayetaka kunywa aiache nyumbani, ndani ya sefu yenye kufuli. Magdaline akaenda kituoni kuuliza mengine yote. Mlangoni pa baa akaweka bango kubwa: "Silaha hairuhusiwi, hata yenye cheti." Akaajiri mlinzi mwenye kifaa cha kukagua.

Mwezi mmoja ukapita. Asumpta alikuwa kwenye kioo chake Magdaline alipopiga simu ya video. Jeremy alikuwa amesimama mlangoni pa baa, koti wazi, mikono juu.

"Mzee, umebeba?" Magdaline alimwuliza.

"Iko kwa sefu nyumbani. Na gari pia nimeliacha," Jeremy alijibu. Akatoa simu yake ndogo, chaji imekwisha. "Nipe ile nambari yangu."

Magdaline akafungua droo, akaichomeka simu, akampa nambari nne. Asumpta alicheka mpaka Derrick akaja kuuliza kulikoni.