Damu ya Pili Kwenye Mkasi

Fundi Jofrey alikutwa amelalia cherehani yake pale Mbalizi, mkasi wa kukatia vitambaa umezama mgongoni. Inspekta Tumpe aliutazama ule mwili uliokondeana, akasikitika. Jofrey aliugua selimundu tangu utotoni. Mtaa mzima ulimjua kwa macho yake ya manjano na maumivu ya mifupa. Nani alikuwa na haja ya kumuua mgonjwa?

Maabara iligundua damu za watu wawili kwenye mkasi.

"Mkono wa muuaji uliteleza, makali yakamkata," alisema mtaalamu. "Nileteeni mshukiwa nilinganishe vinasaba."

Mshukiwa alishatimka. Shadrack, jirani wa marehemu, aliondoka ghafla kwenda Iringa, akamwacha mkewe Prisca wodini na mtoto wao Lugano.

"Mama Lugano, mumeo aligombana na fundi?"

"Hapana, afande. Ila daktari alipotuambia mtoto ana selimundu, na kwamba ni ugonjwa wa kurithi, alinyanyuka akatoka. Hajanisemesha tena. Alisema tu, kwao hakuna anayeumwa hivyo."

Tumpe alielewa, na moyo ukamuuma. Daktari hakuwa amemaliza. Mtoto huugua selimundu akirithi kinasaba chenye kasoro kwa baba na kwa mama pia, na mzazi anaweza kukibeba maisha yake yote bila kuumwa hata siku moja. Shadrack hakusubiri kuyasikia hayo. Alimkumbuka fundi, akajijibu mwenyewe. Hasira hasara.

Alimweleza Prisca kuhusu damu ya pili kwenye mkasi, na kwamba vinasaba vya mtoto vinaweza kuonyesha kama ni ya baba yake.

"Mpimeni Lugano," alisema Prisca. "Baba yake ni Shadrack, sina mwingine."

"Unajua majibu yanaweza kumfunga mumeo?"

"Najua, afande. Mpimeni."

Shadrack alikamatwa huko Ipogolo, Iringa, kwenye gereji ya ndugu yake, kiganja cha kulia kimefungwa kitambaa.

"Umekatwa na nini?" Tumpe alimuuliza kwenye chumba cha mahojiano.

"Bati."

"Kwenye mkasi kuna damu ya baba mzazi wa Lugano."

Shadrack alicheka kwa uchungu. "Si nilijua! Hiyo ni ya Jofrey."

"Damu ya Jofrey imepimwa peke yake. Nazungumzia ya pili, ya aliyemuua."

Shadrack alikikodolea macho kitambaa cha kiganjani mwake. Tumpe hakumharakisha. Alimwonea huruma, na aliichukia ile huruma.

"Hiyo ya pili ndiyo ya baba yake Lugano? Una hakika, afande?"

"Nina hakika."

Shadrack alikifungua kile kitambaa polepole, akauweka mkono wake wenye kidonda juu ya meza.

"Basi ni yangu. Nilimchoma mimi. Nilidhani amezaa na mke wangu, maana mimi siumwi." Sauti ilimkatika. "Kumbe mtoto ni wangu?"

"Ni wako. Na Prisca hajakukosea kitu."

"Lugano anaendeleaje?"

"Mifupa inamuuma. Kila akiamka anakuulizia," alisema Tumpe, akamsogezea karatasi ya maelezo yake na wino aweke dole gumba.