Aliyemnyamazisha Nekoye

Nekoye aliacha kulia siku ya Jumatano, na Maximilla akamshukuru Mungu.

Msichana huyo alikuwa amelia tangu aliporipoti chuoni. Alilia kwenye foleni ya kusajiliwa, akalia ukumbini siku ya kukaribishwa, akalia akila na akioga. Kwao Chekalini ndiye aliyepita mtihani kuwashinda wote shuleni, na siku ya kuondoka kanisa zima lilisimama kumwombea. Sasa alishinda kitandani katika hosteli moja ya mtaa wa Shieywe, uso ameugeuzia ukuta, na mihadhara ikampita.

Maximilla alikuwa mwaka wa tatu, mzaliwa wa Malava, na chuo kilikuwa kimempa kazi ya ulezi. Kila mlezi aligawiwa wanafunzi wapya wachache awaongoze mpaka wazoee. Aliifanya kazi hiyo kwa moyo wake wote. Alimzungusha Nekoye kumbi zote za mihadhara, akamfundisha kuchagua masomo kwenye tovuti, akamwonyesha kibanda cha madondo, yale maharagwe ya wanafunzi, na chapati, akamfikisha hata kwa mshauri nasaha, ambaye alisema watu ni wengi, arudi wiki nyingine. Hakuna kilichosaidia. Mwaka uliotangulia, mwanafunzi mmoja wa Maximilla alifunga sanduku lake akaenda bila kumuaga mtu, na hakurudi. Maximilla hakutaka kuyaona hayo tena.

Kwa hiyo Jumatano hiyo alipofungua mlango na kumkuta Nekoye ameketi mezani, nywele zimechanwa, kitabu kiko wazi mbele yake, nusura aruke kwa furaha.

"Ai! Leo uko sawa?"

"Niko sawa, Maxi. Nimepata mtu wa kunisaidia."

"Mshauri amekuita?"

"Hapana. Yeye anakujanga tu hapa. Mvua ikianza, anakuja anakaa pale."

Akaelekeza kalamu kwenye kitanda cha Mitchel, msichana aliyeishi naye chumba kimoja. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, ila katikati kilibonyea, kama mtu mzito ametoka kuinuka sasa hivi.

Maximilla alidhani ni mwanafunzi mwenzao. Kilichomshangaza ni harufu tu. Chumba kilinuka moshi wa magunzi ya mahindi, ule moshi mtamu wa jikoni kwa wakulima, na hiyo ilikuwa ghorofa ya juu kabisa, katika hosteli ambayo mwenye nyumba amepiga marufuku hata koili ya kuchemshia maji.

"Mmepika nini humu?"

"Hatujapika. Ni yeye. Ananukianga hivyo, kama jikoni kwa kukhu."

Kukhu ni nyanya, na nyanya yake Nekoye alikuwa amezikwa kabla msichana hajamaliza shule. Maximilla alilijua hilo, kwa kuwa ni miongoni mwa mambo ambayo Nekoye alikuwa akiyalilia.

"Sasa anakusaidia aje?"

"Ananiuliza nakumbuka nini. Namwambia. Nikishamwambia, haiumi tena." Nekoye akatabasamu, akarudi kwenye kitabu chake.

Maximilla hakuuliza zaidi. Alikuwa na wanafunzi wengine wa kutembelea, na huyu hakuwa akilia.

Kuanzia hapo Nekoye alichanua. Aliketi mstari wa mbele kwenye mihadhara, akajibu maswali, akapata alama za juu katika majaribio hadi wahadhiri wakaulizana anatoka shule gani. Afisi ya wanafunzi ikamwomba Maximilla amlete azungumze na wenzake waliokuwa bado wanahangaika. Nekoye alisimama mbele yao bila woga. "Kitu kinachowasumbua ni kukumbuka," aliwaambia. "Mkiacha kukumbuka, mtasoma." Wakampigia makofi. Maximilla naye alipiga.

Alipotoka ukumbini, Mitchel alikuwa akimngoja nje. Alimvuta kando ya ukuta, akasema kwa sauti ya chini:

"Mimi nimehama kile chumba. Nalala kwa rafiki yangu."

"Mmegombana?"

"Na Nekoye? Hapana, si yeye." Akatazama huku na huku. "Mvua ikinyesha, yeye anakaa kwa kitanda chake anaongea. Anaongea kuhusu kwao. Vile walikuwa wanavuna mahindi, vile mamake alimfundisha kukama. Mimi naskiza tu. Halafu akinyamaza, naskia mtu akitafuna."

"Kutafuna nini?"

"Sijui. Polepole tu. Kama mtu hana meno. Na inatoka kwa kitanda changu, Maximilla. Siku ya kwanza nilikuwa nimelala juu yake."

Maximilla alikwenda moja kwa moja hosteli. Ilikuwa adhuhuri, jua linawaka, na Nekoye alikuwa akipiga pasi blauzi huku akiimba wimbo usiokuwa na maneno. Maximilla akakaa, akajifanya ana mazungumzo ya kawaida.

"Nekoye, yule ng'ombe wenu uliniambia hataki kukamwa na mtu mwingine, anaitwa nani?"

"Ng'ombe gani?"

"Wenu. Wa nyumbani."

Nekoye akasimamisha pasi. Alifikiri sana, kwa adabu, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali lililo nje ya somo. "Sidhani tulikuwa na ng'ombe," akasema.

"Na mlango wa kwenu unaangalia wapi?"

"Maxi, kwetu wapi?"

Jioni hiyo Maximilla alimpigia simu mamake Nekoye. Mama Nekoye alikuwa mjane, na Nekoye ndiye mtoto wake wa pekee. Hakungoja kuelezwa mengi. "Alikuwa ananipigianga kila jioni akilia," alisema. "Halafu akaacha. Nikipiga ananiambia, 'Samahani, umekosea namba.' Mimi nilidhani ni mambo ya chuo. Nilidhani ananionea haya."

Alifika kesho yake alasiri, na kuku amefungwa miguu ndani ya kapu, na unga wa mahindi ya shamba lao. Maximilla alimpokea, akampandisha ngazi. Nekoye alifungua mlango, akamtazama yule mama aliyesimama pale anahema, akatabasamu tabasamu lile lile alilowapa wahadhiri.

"Karibu, mama. Unatafuta nani?"

Mama Nekoye alicheka. Kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Akaweka kapu chini.

"Nekoye. Ni mimi."

"Karibu ukae. Pengine umechanganya chumba. Hosteli hizi zinafanana."

"Mtoto, mimi nimekuzaa!" Akamshika mkono, akaupandisha mkono wa sweta, akamwonyesha kovu kwenye kiwiko. "Hapa! Si uliungua na uji, nikakubeba mgongoni mpaka zahanati, nikianguka na kuinuka kwa matope? Umesahau?"

Nekoye alilitazama kovu kama analiona mara ya kwanza. "Pole sana," akasema. "Huyo mtoto wako alipona?"

Na hapo nje radi ikanguruma upande wa msitu, mbingu ikawa nyeusi kama ilivyo desturi ya Kakamega saa za alasiri, matone ya kwanza yakapiga mabati, na uso wa Nekoye ukang'aa kama wa mtoto anayesikia hatua za mzazi wake zikija.

Harufu ilikuja kwanza, moshi wa magunzi, mzito sasa kiasi cha kuwasha macho, na ndani yake harufu nyingine iliyokuwa imejificha siku zote, ya kitu kilichokaa sana chini ya udongo. Kuku aliyekuwa kapuni akaanza kupigapiga mbawa, kisha akanyamaza ghafla. Na kitanda kisicho na mtu kikalia, springi moja baada ya nyingine, godoro likabonyea taratibu mpaka likatulia chini ya uzito wa mtu ambaye Maximilla hakumwona, ila aliona shuka ikivutwa na kulainishwa, kama mama mzee anavyolainisha mahali pa kukaa, na ikatoka hapo sauti nzee, nyororo, yenye huruma kuliko sauti yoyote aliyowahi kuisikia, ikisema:

"Nabwire, mwanangu. Umekuja na wewe?"

Hakuna aliyekuwa akimwita Mama Nekoye jina hilo tena. Aliyemwita hivyo alikuwa mamake, na mamake alikuwa kaburini. Mama Nekoye hakurudi nyuma. Alisonga mbele.

"Mama?"

"Umechoka, Nabwire. Shamba peke yako, nyumba peke yako. Keti hapa. Niambie, siku mliyonizika, ulisimama wapi?"

"Nilisimama chini ya mti wa mkuyu," Mama Nekoye akasema, machozi yakimtiririka. "Upande wa kichwa. Nilikuwa nimeshika leso yako..."

"Mama, usijibu!" Maximilla akapiga kelele. Alimkamata kiunoni, akamburuta kama gunia, mama akipigana naye ili arudi, na nyuma yao, kabla mlango haujajifunga, walisikia kutafuna, polepole, kwa ufizi mtupu, na Nekoye akisema kwa upole, "Usijali, kukhu, watarudi."

Kwenye ngazi Mama Nekoye alikaa chini, akajishika kichwa.

"Maximilla," akanong'ona, "mama yangu tulimzika wapi?"

Mchungaji aliitwa, akaomba mpaka akakauka sauti, lakini moshi haukupungua. Ndipo Mama Nekoye akasema, "Mimi ni Mkristo, lakini nimezaa mmoja tu," akakubali aletwe Ustadhi Wanzala kutoka Mumias. Alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu wa makamo, mpole, aliyevaa sweta juu ya kanzu. Aliingia chumbani, akanusa, akaugusa ukuta ambao Nekoye alikuwa akiulilia, na uso wake ukaanguka.

"Huyu hakutumwa na mtu," akasema. "Huyu anafuata upweke, kama fisi anavyofuata mgonjwa. Mtoto amelia hapa, na yeye ndiye aliyeitikia."

"Utamtoa?"

"Kwa uwezo wa Mungu, nitamtoa. Lakini, mama, nikwambie kweli, mimi natoa mlaji. Alichokula siwezi kukitapisha."

Mama Nekoye alimtazama mwanawe, aliyekuwa mezani akisoma kana kwamba hawapo. "Mtoe," akasema.

Hapo ndipo Nekoye alipoinua kichwa, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi sauti yake ilikuwa na hofu. "Tafadhali, msimfukuze. Mtihani uko karibu. Mimi sina mtu mwingine."

"Uko na mimi," Mama Nekoye akasema.

"Wewe sikujui, mama. Samahani."

Mvua ilipoanza, Ustadhi alianza kusoma. Alisoma kwa sauti ya chini, bila haraka, na kitanda kikalia, na madirisha yakafunga ukungu kwa ndani. Sauti nzee ilimsihi kwanza, ikamwita kwa jina la marehemu kaka yake; akaendelea kusoma, jasho likimdondoka puani. Ikamlaani, akaendelea. Mwishowe ikamwacha, ikamgeukia Maximilla aliyekuwa amejibanza mlangoni, na haikuwa tena sauti ya mama mzee, wala ya mtu.

"Mlimpitisha kwenye kumbi zote," ikasema. "Mlitaka anyamaze. Mimi nimemnyamazisha. Mbona mnanifukuza na kazi ni yenu?"

Kisha godoro likainuka, upepo ukatoka dirishani badala ya kuingia, na moshi ukaisha. Ustadhi alikunja mkeka wake, akakataa hata chai.

Nekoye aliingia kwenye chumba cha mtihani, akaketi na kalamu mkononi hadi wakati ukaisha, karatasi ikiwa nyeupe. Hakulia. Hakusoma tena wala hakuomba chochote. Aliketi tu mahali alipoketishwa. Mama yake alimchukua, wakaenda Chekalini.

Maximilla alimwambia mkuu wa wanafunzi kwamba hataki tena kuwa mlezi. Mkuu alisikitika, alisema yeye ni miongoni mwa walezi bora, na wanafunzi wapya wengine wanakuja.

Likizo ilipofika alikwenda Chekalini kuwaona. Alilala huko siku moja. Nekoye alimkaribisha chai, akaosha vikombe, akamshukuru mama kwa chakula kila baada ya kula, na hakuingia chumba chochote bila kubisha hodi. Alikuwa mgeni mzuri sana. Asubuhi, umande ukiwa bado kwenye mahindi, Maximilla aliamka akamkuta amekunja blanketi yake vizuri, amevaa viatu, begi lake liko mgongoni.

"Asante, mama," Nekoye alikuwa akisema mlangoni. "Mmenitunza vizuri. Lakini lazima niende, watu wangu watakuwa wananitafuta."

"Unaenda wapi?" Maximilla akauliza.

"Kwetu."

Maximilla akamgeukia Mama Nekoye, akingoja amzuie. Mama hakumzuia. Alivaa gambuti, akajitanda leso.

"Ni hivi kila siku," akasema kwa sauti ya chini. "Anaenda mpaka barabarani, anasimama. Hajui apande gari ya kuelekea wapi. Jua likiwa kali namwambia, njoo ulale kwangu leo, utaenda kesho. Anakubalinga."

Wakatoka, wawili hao, wakifuatana kwenye kijia kati ya mahindi. Maximilla aliwafuata mpaka ukingoni mwa lami. Walisimama bega kwa bega, magari yakipita. Baada ya muda Nekoye alimwangalia yule mama aliye kando yake, akamwonea huruma.

"Na wewe, mama, umesimama tu. Unaenda wapi?"

Mama Nekoye alitazama barabara kushoto, akaitazama kulia.

"Na mimi naenda kwetu," akasema.