Matundu ya Mshipi wa Kiilu

Hebu niambieni, majirani zangu wa Mbotela, ni lini mmemsikia mtu akisifiwa hapa mtaani kwa kupungua mwili? Mimi sijasikia hata siku moja. Mtu akinenepa tunamwambia amenawiri, amependeza, mambo yake yamenyooka. Akipungua kidogo tu, tunamshika mkono na kumuuliza kwa sauti ya wodini, "Ulikuwa mgonjwa?" Basi kaeni niwaeleze jinsi maneno yetu hayo matamu yalivyokaribia kumuua mwanangu wa kumzaa.

Ilikuwa Jumapili ya mwaka jana, wa sabini na tisa, tumetoka kanisani. Mimi nilikuwa barazani na cherehani yangu ya mkono. Nthambi, mke wa mwanangu, alikuwa akichagua maharagwe ya kupikia muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. Mjukuu wangu Mbeti, mwenye jina langu, aliruka kamba mbele ya mlango. Mwanangu Kiilu alikuwa kitini, amevua viatu, redio mapajani, na tumbo limekaa juu ya mshipi kama mtungi juu ya kata. Anab, jirani yetu anayeuza samli na vitambaa, akapita na kikapu chake.

"Mashallah, Mama Mbeti," akamwambia Nthambi, "bwana huyu kweli unamtunza."

Nthambi akainama kwenye maharagwe ili tusione anavyotabasamu. Nami nilifurahi, siwafichi. Mikononi nilikuwa na suruali ya Kiilu, suruali nzuri ya kijivu ya soko la Gikomba, nikipasua mshono wa nyuma ili nitie kipande cha pembe tatu. Hiyo ilikuwa mara ya tatu mwaka ule. Mshipi wake ulinunuliwa na matundu matano, na yeye alikwisha kutoboa la sita kwa msumari, kule kuelekea ncha. Nilishona huku nikiimba. Mama mzima, macho ninayo, naimba.

Zamani Kiilu hakuwa hivyo. Alipokuwa karani mdogo wa ghala kule Industrial Area, alikwenda na kurudi kwa miguu. Alipita Makongeni, akavuka reli, na saa moja na nusu alikuwa mlangoni pa ghala. Kisha wakampa cheo cha karani mkuu. Cheo kile kilikuja na kiti cha kuzunguka, ovataimu hadi Jumamosi, na nafasi ya mbele katika lori la kampuni. Dereva wake Ochola alimchukua asubuhi pale barabarani na kumrudisha jioni, akipiga honi na kusema, "Shuka polepole, mdosi, lori lisipinduke." Mchana hakuwa na nafasi ya kuondoka mezani, kwa hiyo aliletewa chapati nne, mchuzi na soda, akala huku akiandika. Jioni Nthambi alimpakulia mlima wa ugali. Hata kitini hakuondoka, maji ya kunawa alifuatwa nayo pale pale.

Siku moja alipanda ngazi ya ghala kuhesabu magunia, na alipofika katikati macho yakaingia giza. Akakaa kwenye ngazi mpaka likaondoka. Alikwenda zahanati bila kumwambia mtu. Haya nayajua sasa, maana mwenyewe alinisimulia baadaye. Siku zile nyumbani hakuna aliyejua kitu.

Daktari alimpima, akapima tena. "Presha yako iko juu sana," akasema. "Unafanya mazoezi?"

"Daktari, natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, narudi saa moja. Jumamosi niko kazini. Jumapili kanisa. Hayo mazoezi niyaweke wapi?"

"Kazini unakwenda na nini?"

"Lori la kampuni."

"Basi mazoezi yako yamepanda lori. Yashushe, utembee. Na chakula, kula nusu ya hicho unachokula. Usipofanya hivyo, upande mmoja wa mwili utalala na hautaamka. Una watoto?"

"Watatu."

"Waambie nyumbani."

Sasa hapo ndipo ninapochoka na mwanangu. Kilikuwa kitu cha maneno kumi tu. Angeingia mlangoni aseme, mke wangu, daktari amesema hivi na hivi, na hadithi yangu ingeishia hapo, nikarudi kwenye cherehani. Lakini Kiilu aliwaza. Akisema ni mgonjwa, habari zitafika kazini na kile kiti kitapata mtu mwingine. Akionekana Mbotela akitembea, watu watasema karani mkuu amefutwa, hana hata nauli. Na zaidi ya hayo, angeanzaje kumwambia mwanamke anayempikia kwa moyo wote kwamba chakula chake ndicho kinachomuua?

Kwa hiyo akapunguza mwili kwa siri, kama mtu anayetengeneza pombe haramu. Alimwambia Ochola asimsubiri tena, ana shughuli yake njiani. Asubuhi aliondoka mapema zaidi. Jioni alifuata kijia cha kando ya reli badala ya barabara, ili watu wa kwetu wasimwone, na kwapani alibeba bahasha kubwa ya kaki isiyo na kitu ndani, ili atakayekutana naye adhani ametumwa mahali. Bahasha tupu, jamani, inapelekwa matembezini kila siku.

Alifika nyumbani saa mbili, amelowa jasho. Nthambi akampakulia kama kawaida, naye akala robo, akaisukuma sahani na kusema, "Nimeshiba."

Ninyi wanawake mnaonisikiliza mmeshalisikia neno hilo lilivyolia. Mume ametoka kazini, hajaonja kitu mbele yako, anasema ameshiba.

"Umeshibia wapi?" Nthambi akauliza siku ya nne.

"Sina njaa tu, Mama Mbeti."

"Mtu asiye na njaa ni mtu aliyekula."

"Nimechoka. Wacha nilale."

Wiki kadhaa baadaye, Jumamosi moja Ochola alipoleta begani gunia la mkaa tulilomwagiza, Nthambi alimngoja mlangoni. "Shemeji, siku hizi mnachelewa sana kazini?"

"Nani, mimi?" Ochola akacheka. "Saa moja nimeshaliegesha lori. Kiilu simbebi tena, wiki ya nne hii. Ana shughuli yake njiani, na mwanamume mwenye shughuli yake haulizwi."

Alisema kwa mzaha, akaenda zake akipiga mluzi. Nthambi alibaki ameshika mlango. Mume hali nyumbani, anachelewa, anarudi na jasho, tena ameanza kupungua na kuchangamka. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?

Wengine wangepiga kelele. Nthambi aliamua kupigana kwa sufuria. Alianza kukaanga kila kitu. Muthokoi ukawa unaogelea kwenye samli, na nyama ya Jumapili ikaanza kuonekana Jumanne na Alhamisi. Mpaka muuzaji mwenyewe akashangaa.

"Mama Mbeti," Anab alimwambia, "hili ni kopo la tatu mwezi huu. Mna arusi?"

"Kuna mtu anampikia," Nthambi akajibu. "Nitampikia mpaka nimshinde."

"Umemwona huyo mtu?"

"Simwoni, lakini naona sahani inavyobaki."

"Na kama hakuna mtu?"

"Anab, nipe samli."

Kiilu naye kila jioni akawekewa sahani, na mkewe akakaa mbele yake, mikono mapajani, akimtazama kila tonge. Akiacha, anaulizwa, "Huyo wako anapika nini kinachonishinda mimi?" Akinyamaza, Nthambi analia. Mbele ya watoto, mbele yangu. Baada ya wiki tatu hivi mwanangu alishindwa. Alirudi kwenye lori la Ochola ili afike mapema, na akaanza kumaliza sahani ili alale kwa amani. Nthambi akaniambia kisirisiri jikoni, "Mama, nimemrudisha." Alifurahi kama aliyeshinda kesi.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa pale pale. Mshonaji huona kiuno cha mtu kabla ya uso. Niliuona ule mshipi ukitoka tundu la sita kurudi la tano, kisha la nne. Nikajua, mtu anayefuata mwanamke wa kumkaangia haingii ndani matundu mawili. Kisha nikauona unarudi nje, la tano, la sita, na asubuhi moja nikamkuta amechuchumaa na msumari, anatoboa la saba. Nilikuwa na swali mdomoni. Nikalimeza, nikisema mambo ya sahani ya mume na mke si ya mama mkwe. Nikachukua suruali, nikaongeza kipande kingine.

Jumamosi moja kabla ya saa sita, Ochola alileta lori mpaka mlangoni kwetu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakupiga honi. "Mama, pandeni," akasema. "Kiilu ameanguka ghalani. Nimeshamfikisha hospitali."

Nthambi alikuwa amemaliza kupika chapati. Hakujua la kufanya na mikono yake, kwa hiyo akazifunga kwenye kitambaa, akaja nazo. Tulimkuta mwanangu amelala, mdomo umekwenda upande mmoja, mkono wa kushoto uko juu ya blanketi kama kitu cha mtu mwingine. Daktari wa wodi alikuwa ameshika kadi ndogo ya zahanati iliyotolewa mfukoni mwake.

"Nani mke wake? Hapa imeandikwa apunguze chakula nusu na atembee kila siku. Ni miezi mitano sasa. Nyumbani hamkuambiwa?"

"Atembee?" Nthambi akauliza.

"Kwa miguu. Aende kazini na kurudi."

Nthambi alikaa kwenye benchi, kifurushi mapajani, samli ikipenya kwenye kitambaa na kuchora doa kwenye gauni lake. Ochola alivua kofia, akaizungusha mikononi. "Ile shughuli yake njiani," akasema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe. "Kumbe shughuli ilikuwa njia yenyewe."

Mungu alitusaidia, Kiilu hakufa. Alilala wiki tatu, akatoka anaburuta mguu na kusema neno moja moja. Kiti cha kuzunguka kilipata mtu mwingine, kama alivyoogopa. Aliporudi kazini alirudi karani mdogo, mwenye stuli. Anab alikuja kutuona bila kikapu, akasema mbele yetu sote kwamba nyumba hii hataiuzia samli mpaka atakapomwona Kiilu akiruka kamba na Mbeti. Hatukuudhika.

MAFUNZO

Watu wangu, nisikieni. Kitambi si cheo, wala si ushahidi wa ndoa nzuri. Tumwache mtu apungue bila kumtangazia ugonjwa, na tumwache atembee bila kumfuta kazi kwa midomo yetu. Wewe unayesema huna saa ya mazoezi, angalia safari yako ya kazini. Ukiweza, shuka kabla ya kufika, panda ngazi, usiletewe maji kitini. Hiyo mishahara ya ovataimu haimrudishii mtu mkono wa kushoto. Wewe mke, usipime mapenzi kwa mafuta. Uliza swali lako ukiwa tayari kusikia jibu. Wewe mume, ukipewa neno na daktari, lifikishe nyumbani siku hiyo hiyo, usilifiche kwenye bahasha tupu. Na wewe mama mkwe unayeona na kunyamaza, ukajiita mwenye subira: subira yangu mimi ilitoboa tundu la saba. Ningeuliza, ningeonekana mwenye domo, na mwanangu angekuwa mzima.

Wiki iliyopita, jua likiwa bado juu, Nthambi alijifunga leso, akamletea Kiilu viatu. Siku hizo alikuwa akijizoeza kutembea peke yake, mpaka kwenye mti wa mwisho wa mtaa na kurudi, na ile bahasha ya kaki kwapani bado. Nthambi akaichukua, akaiweka juu ya cherehani yangu. Akamshika mkono ule dhaifu, wakatoka katikati ya mtaa, watu wote wakitazama.

"Mnaenda wapi?" jirani mmoja akauliza.

"Hatuendi popote," Nthambi akajibu. Kisha akamgeukia mumewe, na mimi barazani nikasikia. "Baba Mbeti, miezi yote ile. Ulitaka nini kwangu, ukashindwa kusema?"

Kiilu alisimama. Maneno yake siku hizi huja polepole, lakini yalikuja.

"Nilitaka unipakulie kidogo," akasema, "halafu utoke, tutembee wote."