Anguko la Venant

Balagizi aliamka saa nane mchana kiwiko kikiwaka moto. Alikuwa amelala kitandani pake, mapazia yamefungwa, kwa sababu kazi yake ya ghalani kule bandarini Port Botany ni ya usiku na usingizi wake ni wa mchana. Ngozi ya kiwiko ilikuwa imechubuka yote, na ndani ya jeraha mlikuwa na changarawe nyekundu. Chumba kilinuka maji yaliyotuama miaka mingi.

"Ulianguka wapi?" mkewe Chibalonza aliuliza.

"Sikuanguka. Nilikuwa nalala tu."

"Kulala gani kunachubua mutu hivi?"

Wakacheka. Laiti wangejua, kicheko kile wangekiweka akiba.

Baada ya siku nne zikavunjika mbavu mbili, hapo hapo kitandani, na harufu ile ile ikajaa chumbani. Hospitalini daktari alimtoa Chibalonza nje, akafunga mlango, akamuuliza Balagizi kwa upole kama kuna mtu anayempiga nyumbani. Masikini Chibalonza, ambaye huonea huruma hata panya, alilia garini mpaka walipofika kwao Westmead.

Wiki iliyofuata bega likateguka. Hapo ndipo Balagizi alipokumbuka, na jasho likamtoka. Kiwiko, mbavu, bega. Aliwahi kumwona mtu akijigonga kwa mpangilio huo huo, na mtu huyo alikuwa Venant.

Venant hakuwa ndugu yake wa damu. Mama yake Balagizi alimwokota katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mtoto wa miaka sita asiye na mtu, akamwandikisha kwenye kadi ya chakula kama mwanawe na kugawa ugali uliokuwa haumtoshi hata mmoja. Wakakua pamoja, wakabeba abiria kwa baiskeli pamoja, wakaja Australia pamoja. Huku wakashikwa na wazimu wa baiskeli za milimani, na miezi miwili iliyopita wazimu huo uliwapeleka hadi Uhispania, safari ya siku nne katika nchi ya ngome za kale, juu ya mawe yaliyotandikwa na Warumi, mawe yanayotikisa mtu mpaka meno.

Siku ya tatu, kwenye mteremko mkali chini ya ngome iliyobomoka, breki ya Venant ilikatika. Balagizi, aliyekuwa nyuma, alimwona akiporomoka korongoni: kiwiko kwenye mwamba, mbavu kwenye kisiki cha mzeituni, bega kwenye jiwe, na mwisho shingo kwenye ukingo wa birika la maji walilochimba Waislamu wa zamani. Aliisikia shingo ile ikivunjika. Alishuka akiserereka, akilia kama mtoto, akamkuta Venant ameketi ukingoni, mzima, bila mkwaruzo hata mmoja, akiyanong'oneza maji.

"Unasema na nani?"

"Na Mungu, ndugu yangu."

Balagizi alimkumbatia na kumshukuru Mungu huyo usiku kucha.

Sasa kwenye mwili wake ilikuwa imebaki shingo tu. Aliogopa kulala. Siku mbili alikesha kwa kahawa, na siku ya tatu, Jumamosi mchana, Chibalonza akamwita Mama Arakaza, Mrundi aliyelelewa Kigoma, mwombezi wa kanisani anayejua na yale ambayo mchungaji hapendi kuyasikia. Alikuja na Biblia na ubani alionunua madukani Cabramatta. Venant naye aliitwa aje amshike kaka yake miguu.

King'ora cha moshi kilianza kupiga kelele mara ubani ulipowaka, Chibalonza akakinyamazisha kwa ufagio, na kimya kilipotulia harufu ya maji ikaja, kwanza kutoka chini ya mlango, kisha kutoka kwenye kuta, kisha kutoka kinywani mwa Balagizi mwenyewe, aliyehisi ulimi wake ukinyanyuliwa na kitu baridi kisicho na haraka, kitu ambacho kilikuwa kimelala naye kila mchana kikimhesabia mifupa, na sasa kilikuwa kinatumia sauti yake.

"Nilipewa," ikasema sauti.

"Na nani?" Mama Arakaza alinong'ona.

"Na ndugu yake."

Venant aliiachia miguu. Wote wakamtazama.

"Jini la birikani lilinishika shingo," alisema. "Likasema ni miye ao mutu wa kwetu. Nilikuwa nakufa, Balagizi. Sikuwa na mwingine wa kutaja."

Balagizi aliupata tena ulimi wake. "Mama yangu alikugawia sahani yangu," alisema. Maumivu ya mbavu hayakuwa kitu mbele ya hayo. Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea.

"Yarudishe maneno yako, mwanangu," Mama Arakaza alimwambia Venant. "Sema anguko ni lako."

Venant alitazama viatu vyake. "Niko na watoto," alisema, akatoka.

Mama Arakaza alishusha pumzi. "Basi imebaki kwako, baba. Jini limepewa ndugu. Ukiukana undugu, halina haki nawe. Lakini usimwite ndugu tena, hata kwa huruma. Siku ukikiri, linarudi kumalizia."

Balagizi alilia kwanza. Kisha akasema, "Venant si ndugu yangu. Mama yangu alinizaa peke yangu."

Harufu ikakatika. Mbavu zikaacha kuuma. Na nje, kwenye mtaa ulio tambarare kama meza, kikasikika kishindo cha mtu akianguka kutoka juu sana, akigonga, akigonga tena.

Walimkuta kando ya gari lake, kiwiko kimechunika, bega limening'inia, anahema kwa shida. Shingo ilikuwa bado nzima. Ambulensi ilipofika, mhudumu, dada mmoja mwenye miwani, alimfunga mikanda kisha akageuka.

"Anahitaji mtu wa kwenda naye," alisema. "Wewe ni ndugu yake?"

Venant alinyoosha mkono uliobaki mzima. "Sema, ndugu yangu. Usiniache nalo."

Balagizi alisikia harufu ya maji ikipita taratibu nyuma ya sikio lake, ikisubiri jibu.

"Hapana," alisema. "Tulikuwa tunaendesha baiskeli pamoja tu."